Puti si gundi: ufa wa bampa hautengenezwi kwa kujazwa

"Fundi, ni ufa mdogo tu, jaza puti upige rangi." Maneno hayo yamenichosha. Puti haiungi kitu. Kazi yake ni kusawazisha uso ambao tayari ni mzima. Ukiijaza kwenye ufa, gari likianza kupita matuta kingo za ufa zinacheza, puti ngumu haiwezi kucheza nazo, na mstari unatokea upya juu ya rangi. Kisha lawama anabebeshwa mpiga rangi.

Fungua bampa utazame mgongoni. Mara nyingi utakuta maandishi kama >PP+EPDM-T20<, yaani polipropilini iliyochanganywa na mpira, na talki asilimia 20. Polipropilini haikubali kushikwa na gundi: supagluu inabanduka, na puti ya kawaida ya bati vilevile. Ukiwa huko nyuma angalia pia masikio ya kufungia, sponji ngumu ya kupunguza kishindo na chuma cha ndani. Plastiki hujirudi, kwa hiyo nje panaweza kuonekana pazima huku chuma kimepinda. Hapo kwanza ni chuma, rangi baadaye.

Mkwaruzo usiokwama kwenye ukucha ni wa klia tu, lile tabaka angavu la juu ya rangi: msasa namba 2000 wenye maji, kisha kampaundi ya kung'arishia. Ukiona plastiki nyeusi, ni kupiga rangi.

Bampa lililobonyea bila kupasuka, mwagia maji yaliyochemka, sukuma kwa ndani, kisha mwagia maji baridi ukiwa bado umelishikilia. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160, kwa hiyo maji hayataliharibu. Hitigani, bunduki ya hewa moto, ikisimama sehemu moja italiharibu. Lakini kama fundi aliyetangulia aliweka puti hapo, itapasuka. Na mkunjo mkali uliogeuka mweupe huacha alama hata umbo likirudi.

Sasa ufa wenyewe. Osha kwa sabuni, futa grisi, toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee. Panga kingo kwa mbele na uzishike kwa utepe wa alumini. Mgongoni chimba mtaro wa V hadi karibu nusu ya unene, yeyushia fito ya PP, si ya ABS, maana plastiki hizo mbili hazichanganyiki. Kukoroga juu juu hakutoshi: fito na bampa vyote viyeyuke pamoja. Zamisha wavu wa chuma kisichoshika kutu kukatiza ufa, ufunike kwa plastiki. Acha ipoe yenyewe, kisha rudia mtaro upande wa mbele.

Wengi hukosea kwenye msasa. Ukisugua kwa kasi, PP inapata joto na kutoa manyoya, na manyoya hayo hutokeza kwenye rangi. Kwangua kwanza kwa wembe, kisha msasa namba 80, 180, 320, taratibu. Praima ya plastiki, tabaka la chini la kushikisha rangi, ndiyo inayofuata, na haina mbadala. Baada yake tu ndipo puti, ile laini ya plastiki, tabaka jembamba lisilofika milimita 2. Halafu praima ya kujaza, msasa 600, rangi, klia.

Viwandani huupitishia uso wa PP moto ili rangi ishike. Gereji zingine huiga kwa tochi ya gesi. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba mkono wa mtu unaupa uso wote moto sawa, kwa hiyo hata hapo praima ya plastiki siiachi.

Sikio lililokatika linanitia mashaka zaidi. Kuliunga kunawezekana, ila ndilo linalobeba mtikisiko wote, na siwezi kuahidi litadumu. Yakikatika masikio mawili upande mmoja, au ufa ukifika kwenye tundu la boliti, nashauri bampa la mtumba. Likaguliwe mgongoni kabla ya kulipa, maana nalo huenda limeshaungwa. Kwa gari lenye rada nyuma ya bampa, usikubali puti wala kuchomelea mbele ya rada. Tabaka nene huvuruga mawimbi yake.

Soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Toyota yenye 040 ni nyeupe ya kawaida, kuilinganisha ni rahisi. Yenye 070 ni nyeupe ya lulu, yenye tabaka la lulu kati ya rangi na klia. Tabaka moja la ziada tu na bampa linaonekana la gari jingine. Fundi apige kwanza kipande cha majaribio, mkilinganishe na fenda juani.