Dawa ya kutoa madini ya risasi mwilini: yanayosemwa na yalivyo

"Ukishapewa dawa, sumu imekwisha." Kati ya dhana zote kuhusu tiba ya kelesheni, hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana wanaoumizwa nayo ni watoto. Dawa hizi hunasa madini ya risasi yaliyo kwenye damu, nayo hutoka kwa mkojo. Lakini risasi nyingi hujikita mifupani, ambako hukaa miaka na miaka. Damu ikisafishwa, mifupa huimwagia risasi nyingine, na kipimo hupanda tena dozi ikiisha. Mtoto akirudishwa kwenye vumbi lilelile, ni kufua maji ya mtumbwi ambao tundu lake halijazibwa. Mwaka 2010, risasi kutoka kwenye uchimbaji wa dhahabu iliua mamia ya watoto katika jimbo la Zamfara, Nigeria. Watoto wa kijiji cha Bagega walisubiri tiba hadi 2013, udongo wa kwao uliposafishwa.

Wapo wanaoamini kwamba damu ikisafishwa, akili ya mtoto nayo inarudi. Laiti ingekuwa hivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watoto 780 waliokuwa na mikrogramu 20 hadi 44 za risasi kwa desilita ya damu. Dawa ya kelesheni iitwayo suksima ilishusha kipimo kweli, ila katika majaribio ya akili waliopewa hawakuwapita wasiopewa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa kwa mtoto aliyefikia mikrogramu 45. Chini ya hapo, kazi kubwa ni kutafuta sumu inatoka wapi na kuiondoa.

Usikubali pia kupimwa mkojo baada ya kumezeshwa dawa ya kelesheni. Itavuta metali hata kwa mtu mwenye afya njema, kisha utaambiwa una sumu.

Wengine hudai kelesheni inatibu usonji. Hakuna ushahidi. Mwaka 2005, huko Marekani, mtoto mwenye usonji alifariki baada ya kudungwa EDTA, mojawapo ya dawa za kelesheni. Hapa naomba usome polepole: EDTA ziko mbili. Ya kutibu risasi ina kalsiamu ndani yake. Ile ya sodiamu pekee hunyonya kalsiamu ya damu, na moyo unaweza kusimama. Mtoto yule alipewa ya pili. Kabla sindano haijaingia, omba kuonyeshwa chupa, usome jina lote.