Usingizi amilifu: kwa nini mtoto mchanga hupiga kelele akiwa amelala

Saa nane ya usiku, Uyole, Mbeya, mwezi wa Julai. Baridi imeshuka kutoka milimani, nyumba nzima kimya, ila kitandani kuna kiumbe cha wiki tatu kinaguna kama mzee aliyebeba gunia la viazi. Anajinyonganyonga, anakunja uso, anarusha mkono, anatoa kilio kifupi, kisha kimya. Mama anawasha tochi ya simu, anamnyanyua, anampa ziwa. Mtoto hakuwa na njaa, wala hakuwa ameamka. Sasa ndiyo ameamka.

Alichokuwa nacho kinaitwa usingizi amilifu: mtu amelala, lakini ubongo na mwili viko kazini. Kwa watu wazima ndio usingizi wa ndoto, ule ambao macho hucheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliuandika mwaka 1953 wakiwa Chicago, na Aserinsky alikuwa ameanza kwa kukaa akitazama macho ya watoto wachanga waliolala. Kazi ambayo kila bibi ameifanya bila malipo.

Mtu mzima akiingia kwenye usingizi huu, ubongo huifunga misuli ili asiamke akapigana na anachokiota. Kwa mtoto mchanga breki hiyo haijakomaa. Ndiyo maana unaona vidole vinashtuka, midomo inanyonya hewa, tabasamu linakuja na kuondoka, miguno inatoka. Halafu usingizi wa aina hii kwake ni mwingi. Mtu mzima hutumia kama robo ya usiku wake humo. Mchanga hutumia karibu nusu ya usingizi wake wote, na yeye hulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe uone ni saa ngapi za vurugu.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wengi wanalijua kwa mikono yao bila kujua sababu. Mtoto analala kifuani, unamlaza taratibu, mgongo ukigusa godoro tu, macho wazi! Sisi tunaanza na usingizi mzito, mchanga anaanza na huu mwepesi. Mwache mkononi kama dakika 20 hivi, kisha inua mkono wake uuachie. Ukianguka kama kitambaa kilicholowa, mlaze.

Mzunguko wake mmoja wa usingizi ni kama dakika 50. Kila unapoisha hujigeuza, hulalamika kidogo, pengine hufumbua macho, kisha huingia mzunguko mwingine, mradi hakuna aliyemwingilia. Kwa hiyo ukisikia mguno, usikimbilie kunyanyua. Tazama kwanza, dakika moja au mbili. Macho yamefumbwa na sauti inakatikakatika? Bado amelala. Kilio kikipanda bila kukatika, au akianza kutafuta ziwa, basi mchukue, maana kunyonya usiku ni haki yake. Mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku.

Huku kwetu jibu la haraka ni kwamba mtoto ana chango, na dawa za mizizi zinaanza kuchemshwa. Nawaheshimu mama wakwe, lakini mtoto anayeguna usingizini na mchana ananyonya vizuri na kuongezeka uzito hahitaji dawa. Mpaka miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko kelele ni baridi yetu, na tunavyoikabili. Kuanzia Juni, Mbeya, Mafinga, Njombe na hasa Makete, mtoto hufunikwa mablanketi mpaka usoni, na jiko la mkaa huingizwa chumbani. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na imekwisha kuua familia nzima zikiwa zimelala. Jiko libaki nje. Mvalishe mtoto nguo mbili tatu zinazombana kidogo mwilini, mlaze chali, uso wazi, bila mto. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, gusa kifua au shingo. Mikono ya mchanga huwa ya baridi hata akiwa sawa kabisa.

Pumzi nayo huwatisha wengi. Mchanga hupumua harakaharaka, akatulia sekunde tano au zaidi kidogo, akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ni kawaida. Si kawaida mbavu kubonyea ndani kila anapovuta hewa, midomo kuwa ya bluu, kuguna kwa kila pumzi hata akiwa macho, kukataa kunyonya, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, wala kutetemeka kusikokoma hata ukimshika mkono ule unaotetemeka.

Ukiwa na shaka, fungua nguo kifuani umhesabie pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu pumzi zake hazilingani na utadanganyika. Ikifika 60 au zaidi, hesabu tena akiwa ametulia. Ikirudi vilevile, mfunge kifuani uende kituo cha afya, hata kama ni hiyo saa nane na nje kuna baridi ya Uyole.