Kulinganisha miji miwili isiyofanana: pima anwani, si jina la mji

Anayechagua kati ya jiji kubwa la pwani na mji mdogo wa milimani kwa kawaida huuliza upi ni bora. Mimi huwashauri watu wanaohama, na swali ninaloanza nalo ni hili: Jumanne yako itakuwaje ukiishi kwenye anwani hii, na itakuwaje ukiishi kwenye ile? Miji inavyozidi kutofautiana ndivyo sifa zake kubwa zinavyozidi kuyavuta macho, na yale yanayoijaza siku husahaulika.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa kusini mwa California na wenzao wa majimbo ya kati ya Marekani. Pande zote mbili ziliamini kwamba anayeishi California anaridhika zaidi na maisha, na hali ya hewa ilichangia sana imani hiyo. Lakini kila mmoja alipoeleza anavyoridhika na maisha yake mwenyewe, pande hizo zilikuwa sawa.

Kwa hiyo gawanya kwanza saa 168 za wiki yako: usingizi, kazi, safari, watoto, ibada, ndugu, mapumziko. Kisha tafuta anwani moja halisi katika kila mji, tena kwenye mtaa ambao kipato chako kinaumudu. Hizo mbili ndizo utakazolinganisha.

Takwimu za mji mzima zitumie kwa tahadhari, kwa sababu hutegemea mpaka umechorwa wapi. City of London, eneo dogo la biashara katikati ya London, lilikuwa na wakazi wasiofika 10,000 kwenye sensa ya mwaka 2021, ilhali mamia ya maelfu ya watu huingia humo kufanya kazi. Ukigawanya matukio ya wizi kwa idadi ya wakazi, utapata picha ya mahali pa kutisha ambapo hapapo.

Safari ya kazini ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko jambo jingine lolote. Usiipime kwa kilomita, wala kwa makadirio ya ramani ya simu yaliyochukuliwa usiku. Fungua ramani saa ile ile ambayo ungetoka nyumbani, siku kumi za kazi, uandike dakika kila mara, pamoja na kutembea hadi kituoni na kusubiri. Zipange kuanzia fupi hadi ndefu, uchukue ya tisa. Wastani haufai hapa, kwa kuwa mwajiri hakupimi kwa wastani, na ukitaka kuwahi karibu kila siku itabidi utoke kana kwamba leo ni ile siku ya foleni mbaya. Alois Stutzer na Bruno Frey, katika utafiti wao wa mwaka 2008 kwa takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu hawakuridhika na maisha kama wenye safari fupi. Mshahara au nafuu ya nyumba havikufidia kama ambavyo ungetarajia.

Upande wa pesa, linganisha kinachobaki, si mshahara. Tuseme mji mdogo unakupa 100: makato 15, kodi ya nyumba 30, usafiri 5, kinabaki 50. Jiji linakupa 140: makato 30, nyumba 62, usafiri 8, kinabaki 40. Sasa ongeza muda. Safari ya dakika 40 kwa siku dhidi ya dakika 100, kwa siku 22 za kazi, ni tofauti ya saa 22 kila mwezi. Mshahara umepanda, mabaki yamepungua, na mwezi umepoteza karibu siku tatu za kazi. Hesabu hugeuka iwapo jiji litakupandisha cheo haraka, ila cheo hicho kihesabu pale tu unapoweza kutaja nafasi yenyewe na muda wa kuifikia.

Orodha za gharama za maisha hutumiwa vibaya sana. Nyingi, kama ile ya kampuni ya ushauri ya Mercer ambayo kipimo chake cha msingi ni New York, hutengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazotuma wafanyakazi nje. Thamani ya sarafu ya nchi ikishuka dhidi ya dola, mji huteremka kwenye orodha hata kama mkazi wake hajaona bei hata moja ikipungua.

Hali ya hewa isome kwa mwezi, si kwa mwaka. Singapore mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Stockholm hupata takriban saa sita za mchana mwishoni mwa Desemba. Tazama joto la chini la usiku, maana ndilo linaloamua kama utalala bila kiyoyozi, na unyevu wa hewa, kwa sababu jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwenye miinuko kumbuka hewa nyepesi: Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kulipia chochote.

Katika mji mdogo, hesabu waajiri wanaoweza kukuajiri ukiondoa yule anayekuita. Wakiwa wawili tu, kupoteza kazi ni sawa na kuhama tena. Mwenzi wako naye afanye hesabu hiyo kwa fani yake. Nimeona hapa ndipo mipango mingi huvunjika, na huvunjika baada ya mizigo kufika.

Ukitaka kutoa alama, weka kwanza masharti yasiyovukika, kama vile hospitali yenye tiba unayoihitaji, na mji usioyatimiza uondoke kabla ya kujumlisha. Uzito wa kila kigezo uandike kabla ya kuona alama, vinginevyo utaupanga ulingane na mji ulioupenda tayari. Halafu punguza uzito wa kigezo kikuu kwa nusu. Mshindi akibadilika, miji imekaribiana, na taarifa bado hazitoshi.

Tembelea kila mji katika mwezi wake mbaya zaidi, siku za kazi, ukilala karibu na ile anwani. Fanya kazi zako kama kawaida, uende kazini na kurudi kwa muda halisi, usikilize kelele za saa tano usiku.

Ukishaamua, panga nyumba kwanza, usinunue. Soma kipengele cha notisi kabla ya kusaini: mkataba wa mwaka mmoja unaoruhusu kuondoka baada ya miezi sita kwa notisi ya mwezi mmoja unastahili kodi ya juu kidogo. Amana iandikwe kwenye mkataba, pamoja na siku ya kurudishwa, na nauli ya kurudi pamoja na gharama za mizigo ziwekwe kwenye akaunti yake peke yake.