"Fundi, nipunguzie upepo, naenda safari"

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu: "Fundi, punguza upepo kidogo, naenda Mbeya, lami ina moto, tairi litapasuka." Mimi sipunguzi. Ukitaka, geji hiyo hapo, punguza mwenyewe.

Hewa ikipata joto hutanuka, hilo kweli. Tairi likitembea, upepo hupanda PSI 4 au 5 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), na waliolitengeneza walishalipigia hesabu. Kinachopasua matairi safarini mara nyingi ni upepo mdogo. Tairi laini hujikunja ubavuni kila linapozunguka, karibu mara 500 kwa kilomita, na kujikunja huko ndiko kunakozaa moto. Juzi nimevua tairi la Noah moja lililotoka Dodoma hivyohivyo: ndani unga mweusi wa mpira, unajaa kiganja, na nyuzi za ubavu zimeanza kuonekana. Nje lilikuwa linang'aa, mwenyewe alikuwa amelipaka dawa.

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa mfano 230. Hizo ni kPa, kipimo kingine cha upepo, sawa na PSI 33. Pima asubuhi gari halijatembea. Ukipima hapa kwangu tairi likiwa la moto, ukaachia "uliozidi", kesho unaamka na tairi laini. Ile 44 au 51 iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo cha gari lako.

"Taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi imezima yenyewe mchana, ni sensa inayopima upepo ilikorofisha tu." Hapana, bosi. Baridi ya asubuhi Makambako imeshusha upepo, jua likaupandisha. Tairi bado lina njaa. Sensa mbovu, kwenye magari mengi, hujitaja: taa hupepesa kama dakika moja, ndipo ikatulia ikiwaka.

Nyutro kwenye mteremko wa Kitonga ili kuokoa mafuta? Kwa injini za siku hizi, ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata mafuta. Ukiweka nyutro, injini inayachoma ili isizime, na breki zinabeba mzigo wote peke yake.

Naitrojeni ya kujaza tairi badala ya upepo wa kawaida: hewa ya kompresa yangu tayari ni naitrojeni asilimia 78. Lipia ukipenda, lakini nayo ipime, maana inapungua vilevile.