Barafu inayozaa radi juu ya Ziwa Victoria

Usiku, hewa baridi ya nchi kavu huteremka ziwani kutoka pande zote na kuisukuma juu hewa yenye unyevu iliyotanda juu ya maji ya vuguvugu. Ndiyo sababu radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Katika shughuli zangu za utabiri wa hali ya hewa huulizwa mara kwa mara umeme huo unatoka wapi, nami hujibu kwamba unatokana na barafu.

Hata hapa ikweta, ukipanda takriban kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, joto hufika nyuzi 0, na mawingu ya dhoruba huinuka mbali zaidi ya hapo. Penye nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri hukutana fuwele ndogo za barafu, punje nzito zaidi za barafu laini, na matone ya maji yaliyopoa kupita kiasi bila kuganda. Upepo unaopanda hubeba fuwele na kuzigonganisha na punje, na katika kila mgongano chaji kidogo huhama: kwa kawaida fuwele hubaki na chaji chanya na kupelekwa kileleni, ilhali punje hubaki na chaji hasi katikati ya wingu. Matone hayo yasipokuwepo, chaji inayohama huwa ndogo mno. Kinachotendeka hasa kwenye uso wa barafu bado kinajadiliwa na wanafizikia, na kwangu hilo ndilo fumbo zuri kuliko yote katika taaluma hii.

Tofauti ya chaji inapozidi uwezo wa hewa kuizuia, chaji hasi hushuka kwa hatua za takriban mita 50. Ikikaribia chini, cheche hupanda kuipokea kutoka kwenye kitu kilichoinuka, na juu ya maji tambarare kitu hicho huweza kuwa mlingoti au mvuvi aliyesimama. Zikiungana, mkondo wa takriban ampea 30,000 hupita, hewa hufikia nyuzi 30,000 hivi, hutanuka ghafla na kunguruma.

Radi chache hutoka kwenye chaji chanya ya kileleni na huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka penye mvua. Kwa hiyo mtumbwi unaosikia ngurumo huwa tayari uko mahali ambapo radi inaweza kufika, hata kama anga juu yake ina nyota.