Gemu za Mtandaoni kwa Kompyuta Mpakato Mpya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu anafungua boksi, anawasha kompyuta, na moja kwa moja anaanza kupakua gemu inayovuma. GB 80 baadaye ndipo anagundua kwamba mashine haiiwezi, au inaiweza lakini seva za gemu hiyo ziko upande wa pili wa dunia. Kosa hili halitokani na uchache wa fedha. Linatokana na maneno yaliyorudiwarudiwa mpaka yakaaminika.

"Kompyuta ni mpya, basi itacheza gemu yoyote"

Upya si nguvu. Mpakato iliyotengenezwa jana kwa ajili ya kazi za ofisini inaweza kuachwa mbali na ya miaka mitano iliyopita iliyoundwa kwa ajili ya gemu. Kinachoamua zaidi ni grafiki (GPU), sehemu inayochora picha za gemu. Mpakato nyingi hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Grafiki imo ndani ya prosesa, na memori yake inaiazima kwenye RAM, memori ya kazi ya kompyuta nzima.

Kujua uliyonayo ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha ingia sehemu ya utendaji. Upande wa kushoto utaona GPU 0, na kama ipo ya pili, GPU 1. Jina kama Intel UHD au Iris Xe ni grafiki ya ndani ya prosesa. GeForce RTX ni kadi ya peke yake.

Ukishalijua jina, lilinganishe na vipimo ambavyo watengenezaji wa gemu huandika kwenye ukurasa wake. Hapo tofauti hushangaza. Valorant hutaja Intel HD 4000, grafiki ya mwaka 2012, na RAM ya GB 4 kuwa kima cha chini, kwa hiyo karibu kila mpakato mpya wa Windows unaimudu. Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023, inataka RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 85. Zote ni gemu za kurushiana risasi, ukizitazama kwa mbali utadhani ni ndugu, ila mzigo wake si mmoja. Na kima cha chini maana yake ni kwamba gemu itafunguka. Anayetaka kucheza kwa raha asome safu ya vipimo vinavyopendekezwa.

"Windows ni Windows tu"

Hapa ndipo wengi hukwama hata kabla ya kufika kwenye grafiki.

Baadhi ya mpakato za bei nafuu huja na Windows ya modi ya S, ambayo hukubali programu za duka la Microsoft peke yake. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, haisakiniki humo. Fungua Mipangilio, Mfumo, Kuhusu, usome toleo la Windows. Kama kuna herufi S, unaweza kutoka kwenye modi hiyo kupitia sehemu ya uamilishaji. Kutoka ni bure, lakini ukishatoka huwezi kurudi.

Kuna pia mpakato zenye prosesa za ARM, kama Snapdragon X, ambazo ni za aina tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD. Windows huzitafsiria programu za kawaida zikafanya kazi, tena vizuri. Shida iko kwenye programu za kuzuia udanganyifu, zile zinazolinda gemu za ushindani. Nyingi huweka dereva, yaani programu ndogo ya mfumo, ndani kabisa ya kiini chake, na dereva ya namna hiyo haitafsiriki. Lazima mtengenezaji aiandike upya kwa ajili ya ARM. Kabla ya kupakua, hakikisha gemu unayoitaka imetajwa kuwa inakubali ARM.

Kwenye Windows 11, Valorant hudai TPM 2.0 (kipengele cha usalama cha kompyuta) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka) viwe vimewashwa. Kompyuta mpya huja navyo hivyo. Anayezima Secure Boot ili asakinishe mfumo mwingine pembeni hukutana na ujumbe wa kosa, akadhani gemu imeharibika. Na kwa wenye Mac: Dota 2 na League of Legends zipo, Counter-Strike 2 na Valorant hazipo.

"Jina la kadi linatosha"

Halitoshi. RTX 4060 ya mpakato inaweza kuwekewa kikomo cha umeme cha wati 35 au hadi 115, kwa uamuzi wa aliyetengeneza mashine. Jina ni lile lile, nguvu ni mbalimbali. RTX 4070 ya mpakato ina memori ya GB 8, wakati ya kompyuta ya mezani ina GB 12. Video ya mtu anayesifia kadi ya mezani haikuhusu wewe mwenye mpakato. Tafuta kwenye ukurasa wa modeli yako idadi ya wati za kadi. Mtengenezaji asipoitaja, mara nyingi ni ndogo.

Kuna hitilafu nyingine ya kuudhi: mashine ina kadi mbili na gemu inatumia ile dhaifu. Dalili yake ni fremu, yaani picha zinazochorwa, 20 kwa sekunde kwenye kompyuta ambayo ingepaswa kutoa 90. Nenda Mipangilio, Mfumo, Onyesho, Grafiki, uiongeze gemu kwenye orodha na kuichagulia utendaji wa juu. Kisha iwashe upya.

"RAM ikiwa GB 16 mambo yote yamekwisha"

Kiasi ni nusu ya habari. Grafiki ya ndani ya prosesa huishi kwa kasi ya RAM, na kipande kimoja cha GB 16 hupitisha data kwenye njia moja, wakati vipande viwili vya GB 8 hutumia njia mbili. Kwa mashine isiyo na kadi ya peke yake, tofauti hiyo huonekana kwa macho. Task Manager, ukibofya memori, huonyesha ni nafasi ngapi zimetumika. Ikiwa ni 1 kati ya 2, kuongeza kipande cha aina na kasi ile ile kunaweza kuisaidia gemu kuliko kitu kingine chochote. Ila soma kwanza maelezo ya modeli yako, kwa sababu mpakato nyembamba nyingi zimeunganishiwa RAM moja kwa moja kwenye bodi na hazina pa kuongezea.

Programu zinazodai "kuongeza RAM" kwa kubofya kitufe ni kelele. Hufunga programu nyingine tu, jambo unaloweza kulifanya mwenyewe.

"Diski ya GB 256 itabeba gemu kadhaa"

Windows itakuonyesha takribani GB 238, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Toa mfumo wenyewe, masasisho yake na mafaili yako. Toa tena akiba ya kama asilimia 15, kwani diski ya SSD iliyojaa hupunguza kasi. Ukiweka Counter-Strike 2 na Dota 2, ambayo nayo inataka GB 60, umekaribia ukingoni. Mwenye diski ya ukubwa huu achague gemu kubwa moja, na nyingine ziwe ndogo au za kwenye kivinjari.

Zile za kwenye kivinjari, kwa njia, hazikufa Flash, programu ya zamani iliyoziendesha, ilipofikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020. Zilihamia HTML5 na WebGL, teknolojia zilizomo ndani ya kivinjari chenyewe. Hazihitaji kusakinishwa, na ukurasa wowote unaokuambia upakue Flash leo ni mtego.

"Intaneti ikiwa na kasi kubwa, gemu haitakwama"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu fedha nyingi. Gemu ya mtandaoni hutuma na kupokea vipakiti vidogo sana: umeelekea wapi, umebofya nini. Kwa saa nzima ni makumi ya megabaiti, au mamia machache. Laini ya Mbps 10 inatosha na kubaki. Kinachohesabika ni muda wa kipakiti kwenda kwenye seva na kurudi, ambao wachezaji huuita pingi, na ni vipakiti vingapi vinapotea njiani.

Pingi ina ukuta usiovunjika. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 8,000, kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 80, na kwa kuwa nyaya hazinyooki na kila kituo huongeza chake, utaona 120 au zaidi. Kulipia Mbps 100 badala ya 20 hakuisogezi seva karibu. Chini ya 50 ni raha. Kuanzia 100 gemu za risasi na za kupigana huanza kuchosha. Gemu za karata, za zamu kwa zamu au za kujenga huvumilia hata 200. Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha nzuri za gemu, tafuta orodha ya maeneo zilipo seva zake. Ikiwa gemu ni ya bure, anza na mazoezi tu na usome namba ya pingi kwenye skrini.

Kama pingi ni nzuri dakika hii na mbaya inayofuata, usimlaumu mtoa huduma kabla ya kupima nyumbani. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, uone anwani ya ruta kwenye mstari wa Default Gateway. Kisha andika ping -n 50 ikifuatwa na anwani hiyo. Majibu yanapaswa kuwa milisekunde chache tu. Yakiruka kutoka 3 hadi 150, tatizo ni Wi-Fi yako: hamia mawimbi ya GHz 5 ukiwa chumba kimoja na ruta, au chomeka kebo. Yakitulia, tazama pingi ndani ya gemu mtu mwingine akiwa anapandisha video. Ikipanda wakati huo huo, vipakiti vyako vimekaa foleni nyuma ya video yake, na dawa ni kuipunguzia video hiyo kasi kwenye ruta, kama ruta yako ina kipengele hicho.

Bando, basi, halimalizwi na kucheza. Linamalizwa na upakuaji wa kwanza na masasisho, ambayo kwa gemu kubwa hufika gigabaiti kadhaa kila mara. Panga masasisho yafanyike saa unazotaka wewe.

Gemu za wingu ni jambo tofauti kabisa. Huko gemu huendeshwa kwenye kompyuta ya mbali na wewe unapokea video. Huduma ya GeForce Now, kwa mfano, hutaka Mbps 25 kwa picha ya 1080p ya fremu 60. Ukipiga hesabu ni takribani GB 11 kwa saa. Ni wokovu kwa mpakato dhaifu, na ni janga kwa anayelipia data kwa kipimo.

"Kwa betri au kwa chaja, ni kule kule"

Betri haiwezi kutoa umeme kwa kasi ambayo kadi ya gemu inataka, kwa hiyo mashine hujibana yenyewe. Fremu huweza kushuka hata nusu. Chaja ndogo ya USB-C ya wati 65 kwenye mashine iliyokuja na ya wati 180 huleta balaa hilo hilo, na betri inaweza kuendelea kupungua huku imechomekwa.

Joto nalo lina dalili yake: dakika 10 au 15 za mwanzo ni safi, kisha fremu zinaporomoka na feni inalia. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 95 hadi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Matundu ya hewa yako chini au nyuma, na kitanda huyaziba. Weka mezani, inua upande wa nyuma sentimita mbili, kisha ndani ya gemu weka kikomo cha fremu 60. Kikomo hicho peke yake kinaweza kupunguza joto.

"Ya bure haigharimu, ya kununua ni yangu milele"

Dota 2 unaweza kuicheza miaka bila kulipa na mashujaa wote ukawa nao. Gemu nyingine za bure zimejengwa ili subira ikuishie. Kabla ya kusakinisha, angalia dukani kwake: je, vinavyouzwa ni mavazi, au ni nguvu? Vikiwa nguvu, asiyelipa atakuwa chakula cha anayelipa.

Kuhusu kumiliki: The Crew, iliyotoka 2014, ilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na walioinunua hawakuweza kuifungua tena. Concord ilidumu wiki mbili, Agosti hadi Septemba 2024, ingawa wanunuzi wake walirudishiwa fedha. Ukurasa wa SteamDB huonyesha watu wangapi wanacheza gemu ya Steam saa hii. Idadi ikiwa mamia machache na kupungua kila mwezi, utakaa muda mrefu ukisubiri wapinzani.

"Alama ya umri imeshasema yote"

Alama ya PEGI (Ulaya) au ESRB (Marekani), taasisi zinazopanga gemu kwa umri, inahusu gemu yenyewe. Maneno ya wachezaji wengine kwenye maikrofoni hayamo, na ESRB husema wazi kwamba mawasiliano ya mtandaoni hayajapimwa. Kwa mtoto, zima sauti na ujumbe wa wageni kwenye mipangilio ya akaunti siku ya kwanza.

"Nikiinunua isipofanya kazi, imekula kwangu"

Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Zitumie saa hizo kwa mpango. Chomeka chaja, weka grafiki za kati, washa namba za fremu na pingi, ingia mechi halisi moja kwa moja badala ya kutazama hadithi ya utangulizi. Cheza dakika 40 mfululizo ili joto lijidhihirishe. Fremu zikikaa juu ya 60 na pingi ikatulia, endelea. Zikishuka, punguza vivuli kwanza, kisha ukubwa wa picha, ucheze dakika 20 nyingine. Bado? Omba fedha zako kabla saa ya pili haijatimia.