Pilipili haimfanyi mbwa awe mkali

Nyumbani kwetu Morogoro wapo mbwa watatu. Simba ana mwili wa ndama na damu ya mbwa wa polisi, lakini radi ikipiga anajibana chini ya meza ya jikoni, miguu ya nyuma imebaki nje. Popi ni jike la kienyeji, mdogo, rangi ya udongo, tulimwokota jalalani. Huyo ndiye mlinzi. Jeki kazeeka, haoni vizuri, na siku hizi kazi yake ni kulifuata jua, asubuhi yuko ukutani, jioni yuko mwembeni. Wageni wakiwaona hawakosi la kusema, na mengi wanayosema hayana ukweli.

La kwanza ni pilipili. Fundi aliyetujengea ukuta alimshauri baba amchanganyie Simba pilipili kichaa kwenye ugali, "utaona atakavyokuwa moto." Wengine husema bangi. Wengine nyigu waliopondwa. Ulimi wa mbwa kweli una vipokea ladha vichache kuliko wetu, kama 1,700 hivi dhidi ya 9,000, ila ule muwasho wa pilipili si ladha. Ni maumivu, na hayo anayapata kamili. Utakachovuna ni mbwa anayetapika na kuharisha. Bangi ndiyo kabisa: mbwa aliyeila hupepesuka, hudondosha mate, hujikojolea, halafu husinzia. Mwizi atamruka tu.

Mbwa anayeng'ata watu hovyo mara nyingi ni mwoga, na woga hupandwa mapema. Tangu wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza nini ni cha kawaida duniani: watoto, kuku, bodaboda, mtu mwenye kofia. Watafiti John Paul Scott na John Fuller wa Marekani walilieleza jambo hili tangu 1965, baada ya miaka mingi ya kulea mbwa na kuwatazama. Sisi wiki hizo hizo ndizo tunazomfungia bandani ili asizoee watu. Basi hazoei. Siku mnyororo ukikatika anamrarua mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

"Mbwa koko hana akili, tafuta wa kizungu." Hili hunikera kwa niaba ya Popi. Mwaka 2022 wanasayansi wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliogusa mbwa zaidi ya 18,000, na wakasoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Aina ya mbwa ilieleza asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Manyoya na umbo, sawa, hivyo vinafuata ukoo. Ila mbwa yupi atakuwa mchangamfu, yupi mpole, yupi atakimbia radi, aina haikuambii sana. Na wala koko si masalia ya mbwa wa wakoloni waliotoroka. Uchunguzi wa 2009 wa mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kwamba wengi, hasa Misri na Uganda, wana asili yao wenyewe hapa Afrika.

Sasa lile la "anajua kosa lake." Mwaka juzi mayai yalianza kupotea bandani. Asubuhi moja baba alikuta maganda, akamwita Simba kwa sauti ile. Simba akalaza masikio, akatazama pembeni, akajilamba pua, mkia ukaingia katikati ya miguu. "Si mnaona? Uso wenyewe unakiri!" Akala fimbo mbili, na usiku akanyimwa dagaa. Siku nne baadaye mdogo wangu alimfuma nguchiro akitoka bandani na yai mdomoni, saa moja kasoro asubuhi, wala hana wasiwasi. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili kwa mbwa 14: wengine walikula kilichokatazwa, wengine hawakukigusa, na wenye mbwa mara nyingine walidanganywa nani kafanya nini. Ule uso wa hatia ulifuata ukali wa bwana wake, haukufuata kosa. Mbwa hakiri, anaomba yaishe. Baba alisikia habari ya nguchiro, akanyamaza. Jioni niliona nundu imeangukia kwenye sahani ya Simba, sijui ilitoka wapi.

Bibi naye, treni ikipiga honi usiku na Popi akainua pua na kulia kwa sauti ndefu, husema kaona mauti. Masikio ya mbwa hunasa sauti nyembamba hadi kama mitetemo 45,000 kwa sekunde, yetu yanaishia 20,000. Na kulia vile ni namna ya kuitana. Popi anaijibu treni. Nayo haijawahi kumjibu.

Jirani yetu wa upande wa mtoni ni Muislamu na anafuga mbwa wawili, maana nguruwe pori walimmaliza mahindi. Watu humsema. Yeye hujibu kwa utulivu kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia wana ruhusa, kwamba Sura ya Al-Maida katika Qur'ani inaruhusu nyama aliyoikamata mbwa aliyefundishwa, na kwamba watu wa Pangoni wanaosimuliwa humo walikuwa na mbwa mlangoni. Mbwa wake hawaingii ndani, na chombo wakikilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Kuna moja tu sifanyii mzaha. Mbwa akibadilika tabia ghafla, mpole akawa mkali au wa porini akaja kwa upole usioeleweka, usiseme ni joto. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo siku hiyo hiyo. Si kitunguu, si mafuta ya taa.

Mwisho, eti mbwa anapenda chakula chako, hakupendi wewe. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni kwa muda, homoni ile ile ya mama na mtoto mchanga hupanda kwa wote wawili; kwa mbwa mwitu wa aina ya wolf waliolelewa na watu haikupanda. Kwetu anayewapikia ni mama. Lakini Popi hulala mlangoni kwa baba, ambaye hajawahi kumpa hata mfupa. Nilimuuliza baba kwa nini. "Huyo? Kapenda sakafu tu, pale pana ubaridi." Usiku akitoka kwenda chooni, huwasha tochi kabla ya kufungua mlango, asije akamkanyaga.